Shajara ya mradi: changarawe nyekundu, vifuu na maji ya perege

Siku ya 1

Jirani yetu wa bondeni amekuja asubuhi na dumu jeupe la lita 5, akaliweka mezani kwetu. Maji yamegeuka kijani. "Haya niliyateka kisimani kwangu wiki iliyopita, nikayaacha dirishani," amesema. "Zamani hayakuwa hivi, mwanangu." Hakugomba na mtu. Amekunywa chai, ameuliza hali za watoto, ameondoka na dumu lake.

Kisima chake kiko hatua 40 hivi chini ya matangi yetu ya perege. Matangi ni mawili, ya turubai, lita 5,000 kila moja, upande wa baharini wa barabara ya Tanga kwenda Pangani, kabla hujafika Tongoni. Kila siku tunafungulia lita 400 za maji ya chini, yale yenye kinyesi na mabaki ya chakula, kisha tunajaza mapya. Machafu hushuka na mfereji, hupita karibu na kisima, huishia mikokoni. Tumefanya hivyo mwaka mzima. Sentensi hiyo nimeiandika na kuifuta mara mbili, sasa naiacha.

Jioni kikundi kimekubaliana: maji yasitoke kwetu kabla ya kusafishwa, na cha kusafishia kipatikane hapa hapa. Tukianza na dawa za kununua, mwezi wa tatu tutaacha. Daftari nimekabidhiwa mimi.

Siku ya 3

Leo nimekaa na mfuko wa chakula cha samaki na kalamu. Umeandikwa protini asilimia 30. Protini ukiigawa kwa 6.25 unapata nitrojeni, kwa hiyo kilo moja ya chakula ina nitrojeni gramu 48. Perege hubakiza mwilini robo, akizidi theluthi. Zilizobaki, zaidi ya gramu 30, zinaingia majini, nyingi zikiwa amonia inayotoka kwenye matamvua. Na sisi tunalisha kilo mbili kwa siku.

Fosforasi ina hadithi kama hiyo, ila yenyewe haina njia ya kuwa hewa ikaondoka. Ikishaingia majini inakaa majini, au kwenye tope, au kwenye mmea. Mjomba alikuwa Mwanza miaka ya 1990, magugu maji yalipofunga fukwe za Ziwa Viktoria hadi mitumbwi ikashindwa kutoka. Kila akisimulia huanza na yale maua ya zambarau, jinsi yalivyokuwa mazuri. Magugu yale yalinenepa kwa virutubisho hivi hivi.

Siku ya 6

Mdogo wangu yuko likizo ya chuo na amekuja na kisanduku cha vipimo vya matone. Unatia maji kwenye kichupa, unatia matone, unasubiri, unalinganisha rangi na kadi. Fosfati, yaani fosforasi iliyoyeyuka majini, hutoa samawati. Nitrati, sura ambayo nitrojeni huichukua ikipata oksijeni, hutoa wekundu. Tumejifunza kusoma asubuhi tu, kichupa kikiwa juu ya karatasi nyeupe kivulini, kwa sababu mwanga wa taa ya umeme unaidanganya samawati.

Maji yanayotoka kwenye matangi: fosforasi 5 kwa kipimo cha miligramu kwa lita, amoniamu, sura nyingine ya amonia, 3. Kisima cha jirani: nitrati 12.

Tulishangilia hiyo 12. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni 50, tukasema kisima kiko salama kabisa. Nilikuwa nimeshavaa kanga ya kwenda kumpa habari njema, mdogo wangu akaniita kutoka uani. Alikuwa anasoma maandishi madogo ya kadi. Kisanduku chetu kinahesabu nitrojeni iliyo ndani ya nitrati, ile 50 inahesabu nitrati nzima. Lazima uzidishe kwa 4.43. Mara 12, inakuwa 53.

Nikaenda, lakini na habari nyingine. Nimemwambia maji yale asimpe mjukuu wake wa miezi minne, wala asiyachanganyie uji wake. Nitrati ikizidi huvuruga damu ya mtoto mchanga ishindwe kubeba oksijeni vizuri. Akajibu, "Mimi huyachemsha, mwanangu." Hapo ndipo nilipopata taabu ya kueleza. Kuchemsha kunaua vijidudu, nitrati haiguswi. Na mvuke ukishapanda, nitrati inabaki sufuriani ndani ya maji machache kuliko mwanzo.

Kuanzia kesho kikundi kinampelekea madumu mawili ya maji ya bomba kila siku.

Siku ya 9

Tumekusanya vitu vinne. Vifuu vya nazi, ambavyo mama lishe wa hapa kituoni huvitupa magunia kwa magunia, nasi tumevichoma kuwa mkaa. Makumbi. Makombe ya chaza na kome kutoka ufukweni. Na changarawe nyekundu ya upande wa Muheza, ile inayomwagwa barabarani kabla ya lami.

Niandike hapa wazo lenyewe, maana wanakikundi wawili wameniuliza kama tunatengeneza chujio la mchanga. Chujio huzuia kinachoonekana. Fosfati na amoniamu zimeyeyuka, zinapita kwenye mchanga kama chumvi inavyopita kwenye kitambaa. Tunachotafuta ni kitu chenye uso unaozinasa. Hazizami ndani kama maji kwenye sponji, zinanata juu, kwenye uso wa nje na kuta za vitundu vidogo vya ndani. Kila uso una chaji yake. Mkaa wa vifuu una chaji hasi, kwa hiyo unaivuta amoniamu ambayo ni chanya. Fosfati ni hasi pia, mkaa unaisukuma. Changarawe nyekundu ni nyekundu kwa sababu ya kutu, yaani oksidi za chuma, pamoja na za aluminiamu, na hizo ndizo fosfati inazipenda. Hufika, ikakiondoa kipande cha oksijeni na hidrojeni kilichokaa juu ya chuma, ikakaa mahali pake na kushika kwa nguvu.

Nitrati haipendi kukaa popote. Hiyo tumeiweka kando kwanza.

Jaribio la leo: chupa tano za lita moja, kila moja ina maji ya tangi. Nne zina gramu 10 za kitu kimoja kilichotwangwa, ya tano haina kitu, ni ya kulinganishia. Tunatikisa kila saa hadi saa mbili usiku, zinalala.

Siku ya 10

Chupa ya changarawe: fosforasi imeshuka kutoka 5 hadi 1. Nimepima mara tatu.

Chupa ya mkaa: amoniamu imeshuka kidogo, 3 hadi 2. Fosforasi imepanda. Ilikuwa 5, sasa samawati imepita mwisho wa kadi. Tumeweka mkaa usafishe maji, umeyachafua.

Makumbi: maji yamekuwa rangi ya chai ya rangi, hayasomeki.

Makombe mabichi: karibu hakuna badiliko.

Siku ya 14

Tumelijua kosa la mkaa. Mkaa wetu tuliuchoma kwenye pipa wazi, moto ukauingia, ukatoka na majivu mengi. Majivu yana fosfati na potasiamu ya mnazi wenyewe. Ndiyo maana bibi zetu waliyamwaga shambani. Safari hii tumefunika pipa na kuziba matundu kwa udongo moshi ulipokuwa mwembamba, kisha tumeuosha mkaa kwa maji mara sita. Maji ya kwanza yalikuwa yanateleza vidoleni kama ya sabuni. Ya sita yalikuwa maji tu. Jaribio tumelirudia: amoniamu 3 hadi 2, fosforasi imebaki pale pale 5. Sawa. Mkaa utafanya kazi yake moja.

Makumbi nayo tumeyaloweka siku tatu, tukibadilisha maji kila asubuhi. Weusi umepungua sana.

Siku ya 17

Leo tumekwenda kwa Babu mchoma chokaa. Ana miaka zaidi ya 80 na shikamoo zetu ameziitikia bila kuinua macho kwenye magogo. Tanuri lake ni duara la magogo yaliyopangwa kwa zamu, wazi katikati, mawe ya matumbawe juu. Nimemuuliza kama makombe ya chaza yanafaa. "Kombe ni chokaa iliyolala," amesema. "Ukiliamsha kwa moto, litakuwa jepesi mkononi, karibu nusu. Likiwa bado zito, halijaiva."

Nilipofika nyumbani nimepiga hesabu, nikakuta Babu hajakosea. Gramu 100 za kombe safi zikiiva sawasawa kwenye joto la nyuzi 900 hivi zinabaki gramu 56, zilizobaki zinapaa kama hewa ya ukaa. Yeye anapima kwa kiganja. Chokaa ya namna hii ndiyo iliyoshikilia kuta za msikiti wa kale wa Tongoni, na Babu husema hivyo kama anayezungumzia kazi ya kaka yake mkubwa.

Tumerudi na debe moja la makombe yaliyoiva. Kijiko kimoja kwenye lita moja ya maji ya tangi, fosforasi imeshuka hadi sifuri. Sifuri kabisa, kichupa cheupe kama maji ya mvua. Kalisi iliyo kwenye chokaa imeishika fosfati na kushuka nayo chini kama unga. Wote tumesimama kukitazama kile kichupa. Nimesema hii ndiyo dawa, changarawe tuiache.

Tumepitisha lita 60 kwenye pipa la chokaa, na kwa furaha ile tumeyarudisha maji hayo kwenye beseni la vifaranga wa perege ili tuokoe maji.

Siku ya 18

Vifaranga walikuwa 40. Alfajiri nimewakuta 23 wamekufa, wako juu, matamvua wazi. Waliobaki walikuwa wanahema pembeni. Tumewahamisha upesi, tisa zaidi wamekufa kabla ya adhuhuri.

Karatasi ya pH, ile inayopima kama maji yana ukali wa ndimu au wa magadi, ilikuwa bluu iliyoiva, juu ya 10. Hatukupima jana. Tulipima fosfati tu, kwa sababu fosfati ndiyo tuliyokuwa tunaitafuta.

pH ya namna hiyo peke yake inatosha kuunguza tamvua la samaki mdogo. Lakini kuna la pili, nami nataka kila mwenye bwawa alijue. Amoniamu na amonia ni kitu kimoja chenye sura mbili. Kwenye pH 7, maji yakiwa na joto la nyuzi 30 kama yetu ya kaskazi, amonia yenye sumu haifiki asilimia 1. Iliyobaki yote ni amoniamu, ambayo samaki anaivumilia. pH ikifika 9, amonia inapita asilimia 40. Hatukuongeza hata tone la uchafu kwenye lile beseni. Ule uliokuwamo tumeugeuza kuwa sumu.

Aliyekuwa anawalisha wale vifaranga ni binti wa miaka 12, mtoto wa mwenyekiti wetu. Nimemweleza mwenyewe, na nimemwambia kosa ni langu.

Tumerudi kwenye changarawe. Chokaa haitagusa tena maji yanayokwenda kwa samaki.

Siku ya 24

Hesabu ya pipa. Nimeifanya mara nyingi, nakala safi ni hii.

Gramu 10 za changarawe ziliondoa miligramu 4 za fosforasi kwenye lita moja. Kwa hiyo kila gramu moja imeshika miligramu 0.4. Sisi tunamwaga lita 400 kwa siku, na kila lita tunataka iache miligramu 4, hiyo ni 1,600 kwa siku. Debe moja la changarawe kwenye mizani ya duka la nafaka limeonyesha kilo 25. Pipa la lita 200 linaingia madebe 8 na kubakisha nafasi ya maji juu, kilo 200. Zinaweza kushika miligramu 80,000. Gawa kwa 1,600: siku 50.

Siku 50 kwa pipa moja la kitu ambacho gharama yake ni bodaboda ya mizigo na koleo. Nimeisoma hesabu hii mbele ya kikundi, na mzee mmoja ambaye huwa hasemi mikutanoni ameuliza, "Na siku ya 51?" Ndilo swali lenyewe. Siku ya 51 changarawe imejaa, maji yanapita kama yalivyoingia, na kwa macho huoni tofauti yoyote. Tumepanga kupima kila Jumamosi.

Siku ya 29

Mapipa matatu yamesimama kwenye ngazi ya matofali, moja juu ya jingine kidogo, maji yanashuka yenyewe bila pampu. La kwanza lina makumbi yaliyolowekwa, ya kukamata tope na kinyesi. La pili lina mkaa wa vifuu uliooshwa. La tatu lina changarawe nyekundu, iliyochekechwa mara mbili: kwanza kwa chekecheke ya fundi ujenzi kutoa mawe, kisha kwa wavu wa mbu kutoa vumbi. Maji yanaingia chini ya kila pipa kwa bomba na kutokea juu. Tulipojaribu kuyamwaga juu yashuke, yalijitafutia njia moja pembezoni mwa pipa na kuacha changarawe ya katikati kavu.

Mkaa tumeuweka kabla ya changarawe kwa makusudi. Hata ukioshwa bado unapandisha pH kidogo, na chembe ya fosfati ikiponyoka huko, changarawe iko mbele inaisubiri.

Leo maji yametoka mekundu kama ya mto wa masika. Vumbi.

Siku ya 32

Yametakata. Fosforasi inaingia 5, inatoka chini ya 0.5. pH 7. Beseni la vifaranga wapya limepewa ndoo moja tu ya majaribio, na binti amelinda beseni lile mchana kutwa. Wako hai wote.

Siku ya 46

Fosforasi bado chini ya 0.5. Amoniamu inatoka 2.

Siku ya 58

Kuna jambo la ajabu. Amoniamu inatoka karibu sifuri. Mkaa wetu kwa vipimo vya chupa ulikuwa dhaifu, na baada ya mwezi ulipaswa kuwa umejaa na kuchoka. Badala yake unafanya kazi kuliko siku ya kwanza.

Nilitaka kuandika kwamba vifuu ni bora kuliko tulivyofikiri. Mdogo wangu, kwa simu kutoka chuoni, amesema nipime nitrati kwanza. Inaingia 1, inatoka 4. Kwa hiyo amoniamu haijanaswa yote. Bakteria wameota kwenye vitundu vya mkaa, wanaila amoniamu kwa oksijeni na kuitoa kama nitrati. Kwa samaki hiyo ni nafuu kubwa. Kwa kisima cha jirani si nafuu hata kidogo, maana kilichokiharibu ni nitrati.

Tumefungua ubao wa pipa la pili. Vipande vya mkaa vina utando mwembamba wa kahawia, unateleza ukivishika, unanuka kama udongo baada ya mvua.

Siku ya 61

Kwa nitrati tumeacha kutafuta cha kunasa. Inapita kila uso tunaoweza kuupata Tanga. Tumechimba mfereji wa mita 6, tumetandika turubai kuukuu chini ili maji yasizame ardhini, tumejaza makumbi yaliyokatwakatwa, tumefunika kwa udongo. Humo maji yanakaa bila hewa, na wapo bakteria wengine ambao wakikosa oksijeni huichukua iliyo kwenye nitrati. Makumbi ndiyo chakula chao, na nitrojeni inatoka kama hewa ya kawaida, ile ile tunayoivuta. Mwisho wa mfereji tumepanda magimbi yanywe yale yatakayobaki.

Masika yameanza kunguruma upande wa Usambara, kwa hiyo tumechimba na mtaro wa kuepusha maji ya mvua. Mvua moja kubwa ingeyasukuma maji kwenye makumbi kwa dakika tano, na bakteria hawa wanataka saa nyingi.

Siku ya 67, Jumamosi

Fosforasi inatoka 1.5. Jumamosi iliyopita ilikuwa 0.5.

Hesabu ilisema siku 50, pipa limechoka siku ya 38 tangu lianze kazi. Sababu naziona mbili. Jaribio la chupa lilikuwa na changarawe iliyotwangwa, uso wote wazi. Kwenye pipa ni punje nzima, na fosfati inachelewa kufika ndani ya punje. Pili, kwenye chupa tulitikisa kila saa, kwenye pipa hakuna anayetikisa. Kuanzia sasa naandika siku 35 kwa pipa, na tutakuwa na mapipa mawili ya changarawe yanayofuatana: la kwanza likichoka tunalitoa, la pili linachukua nafasi yake, jipya linaingia nyuma.

Nitrati mwisho wa mfereji wa makumbi: 1. Inaingia 4.

Kisima cha jirani bado 12. Maji ya ardhini hayageuki kwa miezi miwili, nimemwambia hivyo bila kumficha. Madumu yanaendelea kwenda. Mjukuu ameanza kukaa.

Siku ya 68

Tumeitoa changarawe iliyochoka. Nilidhani itakuwa mbolea tayari ya mchicha, lakini chuma kikishaishika fosfati hakiiachii upesi, ndiyo maana kule Muheza kwenye udongo huo huo wakulima wanatia mbolea na mahindi yanabaki na majani ya zambarau. Nusu tumeimwaga kwenye njia ya kuelekea matangini, palipokuwa na tope. Nusu nimeichanganya na samadi kwenye matuta mawili, na tuta la tatu lina samadi peke yake, tuone. Mkaa, siku yake ikifika, utakwenda shambani wote.

Babu mchoma chokaa amepita jioni kutazama mapipa. Ameingiza mkono kwenye changarawe mpya, ameisugua kati ya vidole, ameutazama wekundu uliobaki kwenye ngozi. Ameuliza tumeitoa wapi. Nimemwambia. "Kuna nyekundu zaidi ya hii," amesema, "nyuma ya shamba la mkonge la zamani, tulikuwa tunapakia kuta. Haitoki mkononi siku mbili." Kesho saa kumi na mbili asubuhi tunakwenda naye, na chupa tano za lita moja ziko tayari zimeoshwa.